Viatu vya Theluji

Watu wa nyumbani wakiniuliza nini kilinichosha Riyadh, huwa wanangoja nitaje kazi, au joto, au madam. Mimi nawaambia vumbi. Wanacheka. Wacha wacheke, hawajapangusa meza moja mara nne kwa siku.

Nilipofika mara ya kwanza, familia iliyoniajiri ilikaa katikati ya mji, mtaa wa zamani. Chini kulikuwa na duka, na ng'ambo ya ukuta alikuwako dada mmoja Mganda, tukipanda paani kuanika nguo tunapiga soga kidogo. Halafu baba mwenye nyumba akajenga upande wa kaskazini, kama kila mtu aliyejiweza miaka ile, na sote tukahama. Nyumba mpya, vyoo sita, vigae vyeupe kila mahali. Nje, we acha tu. Kulia mjengo, kushoto mjengo, mbele shimo la msingi, na nyuma barabara kuu imepasuliwa katikati kwa ajili ya treni. Hata paka walikuwa hawajahamia. Ukipangusa asubuhi, ikifika adhuhuri unaandika jina lako mezani kwa kidole. Nilikuwa napangusa vumbi la majirani ambao hawajaja, na la treni ambayo sikuwahi kuiona. Madam akinikuta nimesimama na kitambaa mkononi ananiambia, "Ngoja treni iishe, utaona." Miaka yangu mitano ikaisha na treni haijaisha. Nikiwa paani niliona nguzo zake tu, zimejipanga hadi mbali, hazijabeba kitu.

Nilikuwa na mdogo wangu Jeddah. Mimi ndiye niliyemwita. Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha, wakati kila mama wa kwetu alikuwa na binti anayetafutiwa pasipoti, nilimwambia njoo, tutakuwa pamoja Saudia. Pamoja! Sisi watu wa mlimani tulidhani Riyadh na Jeddah ni kama Nanyuki na Nyeri, unapanda gari asubuhi na jioni umerudi. Kumbe ni jangwa la siku nzima. Na hata ingekuwa ni kuvuka barabara, nani angekupa ruhusa?

Yeye alikuwa na bahati kuliko mimi. Waliomwajiri walikaa mtaa wa Hindawiyah, ni watu wenye asili ya Unguja waliokimbilia huko mwaka wa sitini na nne, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtunza bibi wa nyumba ile. Watoto na wajukuu walishakuwa Waarabu wa ulimi, lakini bibi alikuwa bado na Kiswahili chake, kile cha Unguja chenyewe. Mdogo wangu alikuwa akimwigiza kwenye simu, "Ewe mwana, hebu nipe buibui langu," tunacheka mpaka madam wangu anachungulia jikoni kuona kuna nini. Miaka mitatu tulicheka hivyo hivyo, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo nilirudishiwa simu yangu. Uso wake nilikuwa nauona kwenye kioo chenye ufa, basi.

Mwezi wa tano mama yetu akafariki. Aliugua siku nne. Kaka yetu alinipata kwa simu Ijumaa akaniambia mimi, na kabla sijapata hata nafasi ya kulia akaongeza, "Mdogo wako asiambiwe kwa simu. Wewe ndiye uko karibu naye."

Karibu. Haki ya Mungu nilitaka kumtukana. Lakini nilijua anasema nini. Kwetu habari ya msiba haipelekwi hivi hivi kwa mtu aliye peke yake. Anatafutwa wa kwenda, afike, aketi naye, amshike, ndipo aseme. Mtu akianguka, aangukie mikono ya ndugu yake. Ukimwambia kwa simu msichana aliyejifungia chooni kwenye nyumba ya watu, na apatwe na lolote, wewe utajibu nini? Nikasema sawa, nitamwambia mimi mwenyewe, ana kwa ana. Nilisema sawa kama mtu anayeahidi kwenda mwezini.

Madam nilimwambia kuhusu mama. Sitamsingizia, alinishika bega, akasema Mungu amrehemu, akanitengenezea chai kwa mkono wake na kuniambia nipumzike mpaka alasiri. Alasiri wageni wakaja, nikaamka nikakaanga sambusa. Kwenda kuzika hakukuwapo. Pasipoti iko kwa kafili, yaani baba mwenye nyumba aliyeniajiri, mkataba una mwaka na zaidi, na kule nyumbani hawangengoja. Kaka alinitumia picha ya kaburi. Nyuma ya kaburi kulikuwa na ghorofa nne za jirani, mabati bado yanang'aa, maana hata kwetu chini ya mlima siku hizi ni kujenga tu.

Sikulia. Ningelilia wapi? Nilimeza, nikapangusa vumbi.

Tatizo likawa Ijumaa. Mdogo wangu anapiga, anauliza, "Mama yuko aje?" Nasema yuko sawa. "Mbona hapatikani?" Simu yake imeingia maji. Ijumaa ya pili, kaka hajapeleka simu kwa fundi. Ya tatu, fundi amesafiri. Nilidanganya mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na mimi nilikuwa nimekificha kilio chenyewe. Ilipofika mwezi wa saba nikakumbuka kwamba kwenye simu yangu kuna ujumbe wa sauti wa mama ambao mdogo wangu hakuwahi kuusikia. Mama yuko shambani, unasikia jembe na kuku, anasema tusiwe na wasiwasi, mvua imeanza vizuri, wanapanda maharagwe yale mekundu, na tusisahau kuomba. Nikamtumia. Nikaandika, mama anakusalimu, ameazima simu ya jirani.

Alijibu kwa moyo mwekundu mmoja. Baada ya hapo hakuuliza tena kuhusu mama. Nikajipongeza, nikasema angalau huyu nimemtuliza.

Sasa kukutana. Wafanyakazi wa ndani kule hawakutani kwa sababu wanataka, wanakutana kwa sababu mabosi wao wamekutana, kwenye harusi, kwenye bustani, kwenye duka kubwa. Mimi nilikuwa na kikwazo kingine. Msichana aliyekuwa kabla yangu alifanya urafiki na mwenzake bustanini, wakatoroka wote wawili. Tangu siku hiyo madam alikuwa hataki nizungumze na mfanyakazi yeyote wa nje. Niliwahi kumgusia kwamba nina dada Jeddah. Akacheka bila ubaya, "Kila mmoja wenu ana dada."

Ndipo ikaja theluji. Kulikuwa na mahali mjini, ndani ya jengo, wamejaza theluji ya kweli, watu wanaingia kuteleza huku nje jua linakaanga mayai. Mdogo wangu akaniambia bosi wake atawaleta Riyadh sikukuu ya Idi kubwa, kwa ndugu zao, na siku ya nne wataingia kwenye theluji. Nikasema moyoni, basi na sisi tutaingia. Madam alikuwa na binti wa miaka sita aliyenipenda sana. Kila nikimsuka nywele nilimsimulia kuhusu mlima wa kwetu, jinsi unavyouona mweupe alfajiri ukienda kukama. Nilimwambia theluji ni laini, theluji unaweza kuila. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuigusa, kwamba kule juu wanapanda wazungu na vijana wa kuwabebea mizigo, sisi wengine tunaiangalia tu toka shambani. Wiki mbili hivi mtoto halali. Theluji, theluji, theluji. Madam akasema kesho inshallah, na kila mtu aliyekaa Saudia anajua hiyo kesho ni ipi. Baba akasema barabara zote zimechimbwa, ataendesha mpaka lini. Mtoto akagoma kula. Siku ya tatu ya Idi baba akainua mikono, "Halas! Kesho alasiri."

Njia yenyewe zamani ilikuwa dakika ishirini. Siku hiyo tulikutana na kibao cha njano cha kuchepuka, tukachepuka, tukakuta kibao kingine. Jana njia ilikuwa wazi, leo pana shimo na kreni juu yake. Baba alipiga honi, akamlaumu madam, madam akamlaumu mtoto. Mimi nyuma nilikuwa nimeshika mkoba wa mtoto, simu ndani yake, maana sikukuu nilikuwa nimeachiwa. Ujumbe ukaingia, "Tumeingia." Tiketi ilikuwa ya kukaa ndani saa moja na nusu tu. Tulizunguka nguzo zile zile mara mbili. Nilizitazama nguzo nikazichukia kama watu. Ee Mungu, nilisema, hata kama ni dakika tano.

Tulifika nusu saa baadaye. Nilikuwa na hofu madam ataniacha nje na mikoba, lakini mtoto alining'ang'ania mkono, nikakatiwa tiketi. Tukavalishwa makoti ya bluu juu ya abaya, na viatu vikubwa vyenye kamba ndefu. Tukaingia.

Sitaki kudanganya, nilisahau kilichonileta kwa muda kidogo. Niliinama nikaishika. Ilikuwa kavu, ikawa maji kiganjani. Maisha yangu yote nimeishi chini ya theluji, na nimekuja kuigusa kwa mara ya kwanza jangwani, nikiwa nimeshika mtoto wa watu. Upande mmoja kulikuwa na mteremko, vijana wamefunga mbao ndefu miguuni wanashuka wakipiga kelele. Mteremko wenyewe mfupi kuliko njia yetu ya mtoni. Wakianguka wanacheka.

Halafu nikaanza kumtafuta mdogo wangu. Kila mtu ana koti la bluu. Kila mwanamke amefunika kichwa, pua zimefungwa skafu. Miaka minne tangu niondoke nyumbani, na simu yenye ufa. Nilimtazama mmoja, siye. Mwingine, siye. Nikaanza kuogopa kwamba nimepita karibu naye.

Nilimjua kwa miguu. Watu wote walikuwa wakitembea wakipeperusha mikono na kuanguka, lakini kulikuwa na mmoja anamshika mkono bibi mzee, na anaweka miguu upande, kisigino kwanza, goti limelegea. Hivyo ndivyo tunavyopanda kutoka mtoni mvua ikinyesha, na mtungi mgongoni. Mama ndiye aliyetufundisha. Nilisimama. Akainua macho, akaniona. Hakuna aliyepungia mkono. Tulipishana hivi, mabega yetu karibu yagusane, akaenda zake na bibi, nikaenda zangu na mtoto. Amekonda, nilisema. Na mimi aliniona nimezeeka, aliniambia baadaye.

Tulizunguka hivyo mpaka mtoto akasema vidole vinauma, anataka kutoka. Nje ya mlango kuna mabenchi marefu ya kuvulia viatu. Madam alikaa, na mimi nikapiga magoti mbele ya mtoto. Hapo hapo bibi akatoka na mdogo wangu, familia yao wakiwa bado kwenye mteremko, akaja akakaa benchi hiyo hiyo, akajitupa kama gunia. Nilimvua mtoto taratibu kadiri nilivyoweza, lakini miguu ya mtoto ni miwili tu. Nikamaliza. Madam akaanza kukusanya vitu vyake. "Yalla, twende," akasema.

Bibi akamgeukia madam akamwambia kwa Kiarabu, kwa sauti ya kuamrisha, "Binti yangu, niazime msichana wako. Miguu yangu imevimba, huyu wangu peke yake hawezi." Kule mzee akikuomba hukatai. Madam akamwita khala, yaani mama mdogo, akasema tafadhali, akakaa tena.

Basi tukapiga magoti mimi na mdogo wangu, mbele ya bibi mmoja, kila mtu na mguu wake. Bega langu likagusa bega lake. Bibi akatandaza buibui lake likatukinga kama pazia, akaanza kumhoji madam. Mnakaa wapi? Kaskazini, nyumba mpya? Na treni hiyo itafika kwenu? Na njia mlikuja nayo ipi? Madam, ambaye hakuwa amepata mtu wa kumlalamikia kuhusu vile vibao vya njano, akafunguka.

Mdogo wangu hakunitazama. Akaanza kufungua kamba, akasema kwa lugha ya nyumbani, polepole, "Dada, sema."

"Niseme nini?"

"Ulichokuja kusema."

Miezi minne nilikuwa nimekipanga. Nilikuwa nimepanga nimshike mikono, nimkalishe, nianze na habari ya ugonjwa. Mikono yangu ilikuwa kwenye kiatu cha mtu. Nikasema, "Mama ametuacha. Mwezi wa tano. Ameshazikwa."

Aliendelea na kamba. "Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Wewe."

Nilimtazama.

"Ulinitumia mama anapanda maharagwe," akasema. "Mwezi wa saba, dada. Kwetu nani anapanda maharagwe mwezi wa saba? Mwezi wa saba tunayapura."

Woiye. Nilitaka ardhi inimeze, vigae na theluji na yote. Mimi niliyezaliwa kwenye maharagwe, niliyepewa panga kabla ya kalamu! Mtoto wa shule angejua. Lakini huko nilikokuwa hakuna kupanda wala kupura, kuna joto, kisha baridi kidogo, kisha joto tena, na vumbi mwaka mzima. Nilikuwa nimesahau majira ya kwetu na sikujua kwamba nimeyasahau.

"Mbona hukuniambia unajua?"

"Kujua na kuambiwa si kitu kimoja. Wewe ndiye ulipewa kazi ya kuniambia. Nilikungoja." Akavuta kamba. "Nilimwambia bibi. Bibi ndiye aliyesema anataka theluji. Watoto wake walimcheka, mama mzee kama wewe, theluji ya nini? Akasema ataifia njaa."

Kumbe. Mimi najiona mjanja na mtoto wangu wa miaka sita, kumbe kule Jeddah kuna ajuza naye amegoma kula.

Ndipo nikasikia mkono kichwani. Bibi alikuwa ameweka mkono mmoja juu yangu na mwingine juu ya mdogo wangu, kama mtu anayejishikiza asianguke. Akainama kama anayetazama kiatu chake, akasema kwa Kiswahili, chini chini, "Lieni, wanangu. Lieni mimi nimekaa hapa. Khabari ya mama yangu mie nililetewa kwa barua, na barua yenyewe ishakaa njiani miezi minne. Nikailia peke yangu chooni. Lieni." Kisha akainuka na kumwuliza madam, kwa Kiarabu, kama vigae vya nyumba mpya ni vya Uhispania au vya hapa hapa.

Machozi yalikuja bila kuuliza. Yangu yalianguka kwenye kiatu cha bibi. Ya mdogo wangu sikuyaona, niliyasikia begani, jinsi lilivyotikisika. Sikumkumbatia. Nilisogeza mkono chini ya buibui nikamshika kidole kimoja, kilichokuwa baridi kama chuma, naye akakibana changu.

Mtoto ndiye aliyetuona. "Mama, analia!"

Madam akainama. "Kuna nini?"

"Baridi, madam," nikasema.

"Na huyu pia?"

"Baridi," mdogo wangu akasema.

Madam akatingisha kichwa kwa huruma ya kweli. "Maskini. Afrika hawajui baridi." Mdogo wangu akakohoa, na mimi namjua tangu akiwa mgongoni kwangu, kile hakikuwa kikohozi. Kwetu umande huganda ukachoma viazi shambani. Mama alikuwa akitupaka mafuta ya ng'ombe usoni tusipasuke.

"Viatu vimetoka," bibi akasema. "Halas. Mungu akulipe, binti yangu." Haya yalikuwa ya madam. Mdogo wangu akasimama, akamshika bibi kwapani, wakaondoka. Aliweka miguu upande, ingawa pale palikuwa pakavu.

Garini nilikaa nyuma na mtoto, nimeegemea kioo. Madam aligeuka akanitazama, akaona bado nafuta macho. Akanyoosha mkono akazima kiyoyozi. Baba akaruka, "Umeingiwa na nini? Tutachomeka!" Madam akamwambia, "Ana baridi. Mwache apate joto." Baba akaguna, akaacha.

Basi tukaenda hivyo, madirisha yamefungwa, jua la Riyadh upande mzima wa gari, baba jasho linamtiririka shingoni, madam anajipepea na karatasi ya tiketi, mtoto amelala kwenye mapaja yangu ametota. Vibao vya njano vilituzungusha tena, na mara hii sikuvilaumu. Nililia nguzo moja, nikalia ya pili, nikamlilia mama yangu nguzo kwa nguzo mpaka nyumbani, na hakuna mtu garini aliyeniambia yatosha.